Siku Moja na Nusu: Maisha ya Mama Susanna Wesley



Wale waliokuwa kwa ibada ya pili Jumapili iliyopita mnajua kwamba saa iliniishia. Nilikuwa nimetangaza Nehemia 8, nikajikuta nusu ya wakati nasimulia maisha ya mama mmoja Mwingereza aliyekufa zamani sana. Tangu siku hiyo wazazi kadhaa wamenisimamisha pale mlangoni wakitaka hadithi yote. Basi ndiyo hii. Nehemia tutamkuta mbele.

Kwanza niseme kwa nini nilikuwa namtafuta huyu mama. Kabla ya Bwana kuniita nilisomea biashara, na mtu wa biashara hata akiokoka haachi kupenda jedwali. Mwezi wa kwanza nilichora bango nikalibandika kwa friji. Kila sura ya Biblia mtoto anayosoma, anabandika nyota moja. Nyota 50, keki. Kifungua mimba wetu, msichana wa miaka 10, alikata keki yake kabla ya Pasaka. Tulialika majirani, tukapiga picha, nikaituma kwa grupu ya kanisa, na mkatujibu amina nyingi mpaka simu ikaishiwa na chaji. Mdogo wake wa miaka 7 wakati huo alikuwa na nyota 4.

Halafu ndani ya wiki moja kijana akafikisha 19. Nilifurahi! Nilimsifu mbele ya wageni. Ni dada yake aliyenivuta kando na kuniambia ukweli: huyu hasomi, anafungua kitabu, anakitazama, anafunga, anabandika nyota. Maneno yenyewe yanamshinda.

Nikamketisha na kumhubiria juu ya uongo mpaka akalia. Lakini usiku, watu wakiwa wamelala, swali likanigeukia mwenyewe. Nilikuwa nimetangaza kwamba nyumba hii inalipia nyota, na mtoto akaniletea nyota. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara angeona hilo likija. Sikuwa nimeketi naye hata jioni moja kusikia kama anaweza kusoma neno "mwanzo".

Ndipo nikamkumbuka Susanna.

Jina la Wesley si geni kwenu. Wanawe John na Charles ndio walioanzisha mwamko uliozaa Methodisti, na wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862. Na sisi Wapentekoste, ukifuatilia ukoo wetu wa kiroho, huendi mbali kabla ya kukutana na John Wesley na mafundisho yake ya utakatifu. Kwa hiyo huyu mama, kwa namna fulani, ni nyanya yetu.

Alizaliwa London mwaka 1669, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 25. Ndiyo, 25. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mhubiri aliyekuwa amejitoa katika kanisa la serikali kwa ajili ya dhamiri. Binti naye, akiwa na miaka 13 hivi, alipima mambo kwa akili yake mwenyewe na kurudi katika lile lile kanisa ambalo baba yake alikuwa ameliacha. Mnaona ni mtu wa aina gani. Akiwa na miaka 19 akaolewa na Samuel Wesley, mchungaji, mshairi, na mtu ambaye hesabu za pesa hazikuwahi kumkubali.

Mimi nimeona vitabu vya hesabu vya biashara zilizokufa, na nikisoma habari za nyumba ile ya Epworth, huko Lincolnshire, ninaona dalili zilezile. Mwaka 1705 Samuel alifungwa katika jela ya ngome ya Lincoln kwa deni la pauni 30 hivi. Susanna, akiwa amebaki na watoto na bila pesa, alimtumia pete zake auze alipe. Mume akazirudisha. Wakati mwingine waligombana juu ya siasa: mume aliombea mfalme, mke hakusema amina, kwa sababu hakumkubali mfalme yule. Mume akaapa kutolala naye mpaka aseme amina, akaenda zake London. Mfalme akafa mwaka 1702, mume akarudi, na mwaka 1703 John akazaliwa. Ndoa za watumishi, wapendwa, tuziombee.

Susanna alizaa watoto 19. Tisa walikufa wakiwa wachanga. Waliokua ni 10: wavulana 3 na wasichana 7. Hao ndio aliowafundisha yeye mwenyewe, nyumbani, saa sita kwa siku, saa tatu hadi saa sita asubuhi, na saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Tunajua alivyofanya kwa sababu John alipokuwa mtu mzima alimwomba amwandikie, na mama akamjibu kwa barua ndefu ya Julai 1732.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Mtoto katika nyumba ile hakufundishwa kusoma kabla ya kutimiza miaka 5. Ilipokaribia siku yake, nyumba nzima ilijiandaa. Siku moja kabla, nyumba ilipangwa ikawa safi, kila mtu akapewa kazi yake, na amri ikatoka: saa za masomo mtu yeyote asiingie katika kile chumba. Chumba kilikuwa cha mama na mtoto mmoja. Fikiria nyumba ile, watoto wamejaa, wajakazi, wadai wanabisha hodi, mimba nyingine iko njiani, na mama anafunga mlango siku nzima kwa ajili ya huyu mmoja aliyetimiza miaka 5 jana. Siku hiyo moja mtoto alijifunza herufi zote, kubwa na ndogo. Kesho yake hakupewa kitabu cha picha. Alifunguliwa Mwanzo sura ya kwanza, mstari wa kwanza. Anataja herufi za kila neno, anasoma, anarudia mpaka mstari unatoka bila kukwama, ndipo wa pili.

Wa kwanza alikuwa Samuel mdogo. Alitimiza miaka 5 tarehe 10 Februari, kesho yake akaanza. Herufi zilimchukua saa chache tu. Kufikia Pentekoste ya mwaka huohuo alikuwa anasoma sura nzima vizuri. Mama anasema hakukumbuka kumwambia neno moja mara mbili. Mtoto wa namna hiyo ndiye tunayempigia picha.

Lakini kulikuwa na Molly na Nancy. Siku ya Molly ilifika, chumba kikafungwa, jua likazama, na Molly hajazijua herufi zote. Nancy naye vivyo hivyo alipofika zamu yake. Ikabidi siku moja na nusu. Na huyu mama, ambaye hafichi kitu katika barua yake, anakiri kwamba wakati ule aliwaona ni wazito sana wa akili. Kisha anaandika kwamba baadaye, alipoona watoto wengine wanavyochukua muda mrefu kujua herufi, alibadilisha maoni yake.

Nimerudia sehemu hiyo mara nyingi. Mama ameandika watoto wake wawili kwenye orodha ya walioshindwa, halafu miaka inapita, anarudi na kuwafuta katika orodha hiyo, tena kwa maandishi, mbele ya mwanawe aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Wazazi wangapi tunarudi kufuta? Na angalia alichofanya hata alipokuwa bado anafikiri ni wazito. Aliongeza nusu siku. Mlango ulibaki umefungwa.

Kuna mwingine, Kezzy, kitinda mimba. Huyu alianzishwa kabla ya miaka 5. Mama hakutaka, lakini alizidiwa nguvu, na haielezi barua ni nani aliyemzidi. Matokeo yake, anasema, Kezzy alichukua miaka kujifunza kile ambacho wengine walichukua miezi. Nawaambia hasa nyinyi mnaolinganisha watoto wa gredi ya kwanza kwa grupu za wazazi. Mtoto wa jirani kusoma mapema si deni juu ya mtoto wako.

Susanna hakuwa malaika wala mama wa siku hizi. Aliamini mapenzi ya mtoto yavunjwe mapema, na watoto wake walifundishwa kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini walipotimiza mwaka mmoja, wengine hata kabla. Hapo mimi na yeye tunaachana njia, na sitamtetea kwa sababu tu ni Susanna Wesley. Lakini katika kanuni zilezile za nyumba yake kuna mbili ambazo ningependa ziandikwe ukutani kwa darasa letu la watoto. Moja inasema kwamba msichana asipewe kazi za mikono kama kushona mpaka kwanza ajue kusoma vizuri sana. Miaka zaidi ya 300 iliyopita! Ya pili ni hii: mtoto akifanya jambo kwa nia ya kutii au kupendeza, hata kama halikufanyika vizuri, nia hiyo ipokelewe kwa upole, kisha aongozwe kwa utamu jinsi ya kufanya vizuri zaidi. Nilipoifikia kanuni hiyo nilikumbuka zile nyota 15 zilizobandikwa kwa wiki moja. Mle ndani ya uongo kulikuwa na mtoto aliyetaka baba yake afurahi.

Usiku wa Februari 1709 nyumba ya Epworth iliungua yote. John, mwenye miaka 5 na nusu, alisahaulika orofani, akatolewa dirishani na mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake, muda mfupi kabla ya paa kuanguka. Vitabu na karatasi zote zikawa majivu. Watoto wakatawanywa kwa nyumba za watu mpaka nyumba ijengwe upya, na waliporudi walikuwa wamejifunza nyimbo za mtaani, matamshi mabaya, na tabia ambazo mama hakuzitambua. Kila kitu alichojenga kwa miaka kilikuwa kimelegea.

Alianza tena. Safari hii aliongeza jambo. Masomo yalifunguliwa na kufungwa kwa kuimba zaburi, na saa kumi na moja jioni mtoto mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kuliko wote aliyejua kusema, wa pili akamchukua anayefuata, hivyo hivyo, wakaenda kando wawili wawili, mkubwa akamsomea mdogo zaburi za siku hiyo na sura ya Agano Jipya. Asubuhi ilikuwa zaburi na Agano la Kale, kabla ya chai. Nilitazama hilo nikaona kosa langu jingine. Kwa bango langu, dada na kaka walikuwa washindani. Kwa Susanna, yule aliyetangulia kusoma alipewa wa kumsomea.

Miaka kama mitatu baadaye alisoma kitabu cha habari za wamisionari waliotumwa India na mfalme wa Denmark. Kilimchoma moyo. Yeye hawezi kwenda India, lakini ana watoto hapa. Akaamua kwamba kila mtoto apate jioni yake katika wiki, peke yake na mama, kuzungumza mambo ya moyo. Jumatatu ni ya Molly. Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili Emilia na Sukey kwa pamoja. John alipokuwa mtu wa miaka karibu 30 huko Oxford, alimwandikia mama yake akiomba ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni airudishiwe, ampe hata kwa maombi na mawazo. Hakuna mahali nilipoona anakumbushia zawadi, sherehe au tuzo. Alikumbuka Alhamisi.

Na wiki ya Molly ilianza na Molly. Yule wa siku moja na nusu ndiye aliyefungua juma. Sijui kama mama alipanga hivyo makusudi au ilitokea tu, lakini mimi imenifundisha.

Wakati huohuo mume alikuwa London kwa mikutano ya kanisa, na Susanna akawa anawasomea watoto na wajakazi mahubiri jikoni Jumapili jioni. Kijana mmoja wa kazi akawaambia wazazi wake, wazazi wakaomba kuja, majirani wakasikia. Mwanzoni mwa 1712 watu walizidi 200, wengine wakarudi kwa kukosa nafasi. Mchungaji msaidizi (samahani, ndiyo, msaidizi kama mimi) alikasirika kwa kuwa watu wa mama walizidi wake, akamshtaki kwa mumewe. Mume akaandika asimamishe. Susanna akajibu kwa heshima lakini kwa ujasiri: kama anataka asimame, asimshauri tu, amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe juu yake. Mume akanyamaza, na mkutano ukaendelea mpaka aliporudi.

Nisiwafiche mwisho wa watoto, kwa sababu tukisema tu John na Charles tutakuwa tunauza. Hetty alikuwa mwepesi kuliko dada zake wote. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 8 alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki. Msichana huyo alipoanguka katika dhambi akiwa mtu mzima, baba yake alimfungia mlango wa moyo na hawakupatana, na ndoa aliyosukumwa kuingia ilikuwa ya machozi. Molly, aliyekuwa na ulemavu tangu utotoni, alipendwa na nyumba nzima. Aliolewa na mchungaji kijana, akafa 1734 akijifungua. Kusoma Biblia mapema hakukuwakinga na haya. Tukimsherehekea mtoto aliyemaliza Agano Jipya, tusifikiri tumenunua bima.

Samuel mzee alifariki 1735 akiacha madeni, kama mlivyotarajia. Susanna aliishi kwa watoto wake mpaka alipofariki London Julai 1742, binti zake na John wakiwa kando ya kitanda. Aliwaomba wakiona amekata roho waimbe zaburi ya sifa. Waliimba. Amezikwa Bunhill Fields.

Sasa Nehemia 8. Ezra alisoma torati tangu mapambazuko mpaka adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kusikia na kufahamu, na hapo watoto wenye kuelewa hawakuachwa nje. Watu wakalia. Wakaambiwa wasilie, waende wale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Wakaenda wakafanya karamu kubwa. Angalia sababu inayotajwa katika mstari wa 12. Hawakusherehekea kwa sababu wamemaliza kitabu. Walikuwa siku ya kwanza tu. Walisherehekea kwa sababu wameyaelewa maneno waliyosomewa. Na angalia yule ambaye hakuandaliwa kitu. Nyumbani kwangu, siku ya keki, huyo alikuwa na miaka 7 na nyota 4, ameketi mwisho wa meza.

Bango nimelitoa. Nilimwomba msamaha kijana wangu, si kwa kumkemea uongo, bali kwa mengine yote. Jumatatu ni siku yangu ya kupumzika, basi jioni yake nimempa yeye. Simu inabaki kwa mama yake, tunafunga mlango wa chumba, tunafungua Mwanzo 1. Jumatatu ya kwanza tulimaliza mstari mmoja kwa dakika 40, na nakiri nilitazama saa mara mbili. Jumatatu ya nne alitoka na kuwasomea mama na dada yake mistari mitano, kidole chini ya kila neno, akikwama kwa maneno magumu kama nilivyokwama mimi zamani. Mama yake alikuwa amekaanga mandazi. Dada ndiye aliyemimina chai, na ndiye anayemsomea sasa zaburi kabla ya kulala. Kijana aliuliza kama hiyo ni nyota ngapi. Nikamwambia tunakula tu kwa sababu umesoma na tumeelewa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tutawaita watoto mbele baada ya ibada ya kwanza. Waliomaliza kitabu chochote cha Biblia waje, na walioanza, hata kama ni mstari mmoja, waje nao, kila mmoja na mzazi au mlezi aliyeketi naye. Mtoto asiye na wa kuketi naye aandikwe pia, tumtafutie. Walimu wa Shule ya Jumapili wanaandika majina kuanzia leo kwa meza iliyo karibu na mlango. Akina mama wa ukarimu wameomba kila familia ilete thermosi ya chai. Mandazi yatapikwa hapa.